Springi za Nyuma

Volvo ya mwaka themanini na saba, rangi ya chai ya maziwa,
imekaa chini nyuma kama kuku anayetaka kutaga.
Nimepima kwa rula, kutoka ukingo wa fenda hadi katikati ya tairi:
kulia sentimita thelathini na tano,
kushoto thelathini na tatu na kitu.
Hicho kitu ndicho kinachogonga
kila tukipita mahali lami ilipofura
kwa sababu barafu ya chini ya ardhi imeamka vibaya.

Hjalmar, kaka yangu, anataka tulishushe zaidi.
Amekuja na picha kwenye simu: springi nyekundu, fupi,
gari limelalia barabara kama mjusi juani.
"Litakata kona," anasema, "utaona."
Kona ya wapi? Kutoka Åsele hadi Lycksele
ni misonobari, misonobari, na kona mbili,
na zote mbili nazijua kwa majina ya waliozikosa.

Jirani yetu Birger ana springi za kuvutia tela,
nene kama kidole gumba changu,
alizitoa kwenye gari la marehemu shemeji yake. Bei ya kutupa.
Nikazijaribu wiki moja.
Nikiwa na trei hamsini za mayai, sawa,
gari lilisimama wima kama askari.
Baada ya kushusha mzigo pale shuleni
nikarudi nikirushwa kitini,
trei mbili walizozikataa zikicheza nyuma,
mbwa akinitazama kama mtu aliyedanganywa.
Rahisi inavunja upishi, wahenga walisema;
kwangu ilivunja mayai kabla hayajafika jikoni.

Evert wa gereji hakunionyesha springi yoyote.
Alijifuta mikono, akamimina kahawa, akauliza:
"Unabeba nini?"
Mayai, nikasema. Mbwa. Kuni, msimu wa kuni.
"Na nini?"
Na baba.
Mara tatu kwa wiki, kusafishwa damu.
Kwenda anakaa mbele, anahesabu mashimo kwa sauti.
Kurudi analala nyuma, viti vimekunjwa, juu ya godoro,
na kila tuta linamtoa neno
alilonikataza nilipokuwa mdogo.

Evert akanyamaza kidogo.
"Basi usichague kwa mzigo," akasema,
"wala kwa gari tupu. Chagua kwa aliyelala."

Akaleta springi nyeusi, haina cha kujionyesha.
Koili za juu zimebanana kama watu kwenye benchi la kanisa,
za chini zimeachana.
Mzigo mwepesi unaziita za juu peke yake;
mzito ukija, za chini nazo zinaitika.
Na shokomzoba za gesi, si zile ngumu za mashindano,
ila zile ambazo ukiibonyeza moja kwa mkono
inarudi polepole,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.
Bei: mayai elfu mbili na mia nne.
Mimi hupiga hesabu hivyo.

Hjalmar alisaidia kufunga, akinung'unika chini ya gari,
tochi mdomoni.

Jumatatu ya kwanza theluji ilikuwa inayeyuka,
lami imeumuka kama unga wenye hamira.
Wakati wa kurudi, baba kimya huko nyuma.
Nikapunguza redio. Nikasikiliza.
Nikageuza kioo mpaka nikaona soksi zake.
Kisha sauti: "Hata daraja hatujafika?"
Tumelipita zamani, nikasema.
Hakujibu. Alikuwa amelala tena,
au alikuwa anatafuta jambo jingine la kulalamikia.

Bushi ya mbele kushoto bado inalia.
Evert anasema itangoja hadi mwakani.
Mwakani, nikarudia,
nikaiandika kwenye daftari la mayai
kwa kalamu ya wino.